Chai Iliyoamka

Kiwandani walimwita Ulimi. Si Bwana Ulimi wala Mzee Ulimi. Ulimi tu, na yeye mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mwonja chai mkuu. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya meza ndefu yenye vikombe vyeupe, kuvuta chai kwenye kijiko kwa kelele ambayo nyumbani ingemfukuzisha mtu mezani, kuizungusha mdomoni, kuitema kwenye ndoo, kisha kutoa neno moja. Neno lenyewe lilikuwa ama "imeamka" ama "imelala." Chai iliyoamka huuchangamsha mdomo, hukuchoma kidogo pembeni mwa ulimi, mpaka unajikuta umekaa wima. Iliyolala inapita tu kooni kama maji yaliyosuuza sufuria. Kwa neno lake magunia yaliuzwa kwa bei ya juu au yalichanganywa na mengine ya ovyo, na hapakuwa na wa kumbishia.

Sasa nisikilizeni, halafu mniambie wenyewe kama nyinyi mngesamehe.

Alipata mafua. Mafua gani yale, jamani! Yalimbwaga kitandani akawa hajui leo ni lini. Alipopata nafuu akarudi kazini, akavaa aproni yake, akavuta kijiko cha kwanza, akangoja. Kimya. Akavuta cha pili. Chai ilikuwa vuguvugu, ilikuwa majimaji, basi. Akasema "imelala" kwa sababu ilibidi aseme kitu, na bahati yake siku hiyo chai ilikuwa imelala kweli.

Kesho yake vile vile. Keshokutwa vile vile. Kila kikombe kwake kilikuwa kimelala fofofo. Akajipa moyo kwamba ni mabaki ya mafua, yataisha. Akajiambia labda msimu ni mbaya, wakulima wamevuna majani makuukuu. Lakini mtu anaweza kuwadanganya watu wote duniani akashindwa kujidanganya mwenyewe akiwa bafuni anapiga mswaki na dawa ya meno haina ladha. Hofu ikamwingia. Na hofu yake haikuwa ya kukosa kazi, msimkosee heshima kwa hilo. Mtu huyu alichukia kujifanya. Alikuwa amewaona waonjaji wazee wakiendelea kukorofisha chai za watu huku wenzao wakinong'onezana nyuma ya mlango, na alikuwa ameapa kwamba yeye, siku ulimi ukimfia, ataingia mwenyewe ofisini kwa meneja, avue aproni, aage. Alichotaka ni kujua tu. Ulimi upo au haupo?

Na kujua, kwa bahati, alijua jinsi ya kujua. Miaka ya nyuma kiwanda kilimpeleka kwenye mafunzo ya upimaji wa ubora, na mafunzo yale yalimwingia kichwani vizuri kuliko sala. Uliza swali moja. Badilisha kitu kimoja, vingine vyote vibaki vilivyo. Acha bahati ipange, usipange wewe. Anayeonja asijue, na anayemletea asijue pia, maana uso wa mtu husema hata mdomo ukifungwa. Na kabla hujaanza, tamka ni jibu gani litakufanya ukubali kwamba umeshindwa, kwa sababu ukingoja mpaka mwisho utajipendelea.

Kiwandani hakuweza kujipima. Angeanza tu, habari zingefika getini kabla yake. Akaamua apime nyumbani, na mtu wa kumsaidia alikuwa mkewe. Angekuwa nani mwingine? Mkewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa kipimo, mtu asiyekata kitambaa kabla ya kupima mara mbili. Alimweleza kila kitu wakiwa wamekaa kwenye chumba cha kushonea. Alimwambia hata lile la kuvua aproni, na hakuwa amemwambia mtu mwingine yeyote.

Mkewe alisimamisha cherehani, akamwangalia.

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa nimeshindwa, mama watoto. Ila nisichezewe. Nataka jibu la kweli, liwe chungu liwe tamu."

"Haya," mkewe akasema. "Niambie la kufanya."

Jumapili mchana wakajipanga. Makopo mawili yalikuwa mezani jikoni: moja lina chai bora ya kiwanda, limefungwa uzi mwekundu, la pili lina chai iliyodorora, imekaa ghalani muda mrefu, limefungwa uzi mweusi. Kwa macho majani yalifanana. Fundi cherehani asingeweza kuyatofautisha. Mkewe angebaki jikoni peke yake, mlango umefungwa. Kwa kila kikombe angerusha sarafu: upande wa kichwa, chai ya uzi mwekundu, upande mwingine, ya uzi mweusi. Angeandika, angemimina, angekiacha kikombe kwenye kidirisha cha kupitishia vyombo. Wa kubeba alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mpakizi wa ghalani pale pale kiwandani, mtu wa mizaha asiyeweza kukaa bila kusema. Yeye asingeona kopo wala sarafu. Ulimi mwenyewe angekaa sebuleni amefungwa macho kwa kipande cha bitana, maana rangi ya chai ingeweza kumpa jibu.

"Vikombe kumi," Ulimi alitangaza. "Nikikosa zaidi ya kimoja, ulimi umekufa. Tumeelewana? Na wewe mke wangu, usiniambie kitu. Usikohoe, usigune, usiimbe."

"Na nikipiga chafya?"

"Upige kwa vikombe vyote kumi, visitofautiane."

"Shemeji," kaka mtu akadakia, "hii chai au mtihani wa urubani? Mimi nilialikwa chakula."

Wakaanza. Shemeji alileta kikombe cha kwanza, akakitua mezani haraka, akapuliza vidole. Ulimi akavuta kijiko. Na hapo, jamani, kitu kikatokea. Kikamchoma pembeni mwa ulimi, kikamsisimua, akajikuta amekaa wima. "Imeamka!" Cha pili kikateleza, kimya. "Imelala." Cha tatu kimya. Cha nne kikamshtua mdomo mzima. Akaendelea hivyo, moyo ukimwenda mbio, na kila kikombe kilijitambulisha chenyewe bila wasiwasi wowote.

Mkewe akatoka jikoni na karatasi. Akasoma, na Ulimi akawa anahesabu kwa vidole. Vyote kumi. Hakukosa hata kimoja.

Alifungua kile kitambaa akalia kama mtoto. Alimkumbatia mkewe, akamkumbatia shemeji, karibu akumbatie na meza. "Ulimi upo!" akasema. "Kumbe ni woga tu! Kumbe chai za siku hizi ndizo mbovu!" Mkewe alimpapasa mgongo na kumwambia sasa atulie, ale. Alikula siku hiyo na usiku akalala usingizi ambao hakuwa ameuonja tangu alipougua.

Jumatatu aliingia kiwandani kifua mbele. Chai bado zilikuwa zimelala kwake, moja baada ya nyingine, lakini sasa hakujitilia shaka. Aliwatilia shaka wakulima. Na hapo ndipo alipogongana na yule waliyemwita Binti Pua.

Binti Pua alikuwa mwonjaji wa pili, mwanamke kijana aliyefundishwa na Ulimi mwenyewe kushika kijiko. Jina alilipata kwa sababu aliweza kusimama mlangoni akakwambia gunia lipi limelowa. Siku hiyo walikuwa wanaonja shehena ya mteja mkubwa. Binti alivuta kijiko kimoja, akatema haraka, akakunja uso.

"Mzee, hii ina ukungu."

Ulimi akavuta, akazungusha, akatema. "Imelala. Ukungu hakuna. Ichanganywe, iende."

"Mzee wangu, nakuomba uonje tena. Inanuka."

"Binti, unanifundisha?"

"Sikufundishi. Nasema inanuka."

Walibishana mpaka meneja akatoka ofisini. Ulimi, kwa ile furaha yake mpya, akapandisha sauti mbele ya watu wote: "Meneja, huu ulimi nimeupima! Nimeupima kitaalamu, vikombe kumi, nimepata kumi. Yeye wa kwake ameupima lini?" Na kweli Binti hakuwa amejipima. Shehena ikaenda. Meneja, aliyechoshwa na kelele, akamhamishia Binti Pua kwenye chumba cha machekecheo, kule vumbi la chai linakoziba pua mpaka mtu anakohoa kahawia. Alipokuwa anavua aproni, binti alimwangalia mwalimu wake mara moja tu, akatoka.

Jioni ile Ulimi alimsimulia mkewe yote mezani, kwa mbwembwe, akimwigiza binti alivyokunja uso. "Nimemnyamazisha! Nimemwambia, mimi nimepimwa!" Mkewe alikuwa anakusanya sahani. Alisema tu, "Pole na kazi," akaelekea jikoni.

Haukupita muda mrefu, shehena ikarudishwa yote na mteja, sanduku kwa sanduku. Meneja aliagiza moja lifunguliwe uani, wafanyakazi wakiwa wamezunguka. Shemeji ndiye aliyelifungua kwa nyundo. Kifuniko kilipotoka watu wote walirudi nyuma kama waliosukumwa. Huyu kajiziba pua kwa mkono, yule kwa kola ya shati, meneja kwa leso. Mmoja alitapika pembeni ya mfereji.

Ulimi peke yake hakurudi nyuma. Aliinama juu ya sanduku, akachota majani kwa kiganja, akayasogeza mpaka puani, akanusa. Akanusa tena. "Mbona mimi sisikii harufu?" akauliza, na alipoinua kichwa aliona macho ya watu wote yanamtazama yeye, hayatazami chai.

Meneja alisogea karibu, leso bado puani. "Ulimi," akasema kwa sauti ya chini kabisa, "hivi kweli hunusi?"

Wangemtukana ingekuwa afadhali. Ile sauti ya huruma ndiyo iliyomuumiza.

Alikaa kwenye chumba cha kuonjea peke yake, mlango umefungwa, na hakulia. Alifikiri. Pua imekufa na ulimi umekufa, hilo sasa hata mfagiaji anajua. Basi vile vikombe kumi vilipitaje? Bahati? Mtu habahatishi kumi mfululizo. Labda ulimi ulikuwepo Jumapili ile ukafa baadaye? Haiwezekani, kuanzia Jumatatu yake hakuna chai iliyoamka tena. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kingine ndani ya vikombe vile, kitu ambacho hakukiwekea ulinzi.

Akachemsha maji. Akatengeneza chai moja tu, akaigawa vikombe viwili, kimoja akakionja kikiwa bado kinatoa mvuke, kingine akakiacha kipoe. Alifumba macho. Cha moto kilimchoma pembeni mwa ulimi. Kilimsisimua. Kilimfanya akae wima. Ebo! Chai ile ile moja, kwenye moto imeamka, kwenye baridi imelala.

Kosa akaliona, na lilikuwa lake. Kiwandani vikombe vyote huachwa vipoe kwa muda mmoja kabla mwonjaji hajaitwa. Wahudumu ndio wanaoangalia, na yeye katika maisha yake yote hakuwahi kuliagiza jambo hilo, analikuta limeshafanywa. Kwa hiyo nyumbani hakuliagiza. Alikumbuka macho, sauti, sarafu, mpaka chafya, akasahau moto. Na neno lenyewe la kazi yao ndilo lililomponza: miaka yote amesema "imeamka," hakuwahi kujiuliza ni ladha inayoamka au ni mdomo unaoungua.

Basi alijilaumu yeye kwanza, nawaambia ukweli. Alikumbuka kwamba jikoni kwao kulikuwa na birika mbili, moja ina mfuniko unaobana, nyingine mfuniko wake ulivunjika. Labda mkewe, bila kujua, alitumia ile nzima kwa chai ya uzi mwekundu kila mara. Ingekuwa hivyo basi ni ajali, si hila. Alitamani iwe hivyo. Lakini kutamani si kujua, na alikuwa ameshatamani vya kutosha.

Akabuni jaribio la pili. Aliazima birika mbili za kiwanda, mapacha kabisa, ili mambo ya mfuniko yaishe. Kisha, mkewe akiwa ametoka kupeleka nguo za mteja, akafungua yale makopo akabadilisha majani: chai bora akaitia kwenye kopo la uzi mweusi, iliyodorora kwenye la uzi mwekundu. Nyuzi hakuzigusa. Halafu, kama alivyofundishwa, akajiwekea kabisa maana ya kila jibu kabla ya kuanza. Mkewe akisoma kwamba amekosa vyote au karibu vyote, basi ulimi wake ni mzima, uani alirogwa. Akipata nusu akakosa nusu, basi anabahatisha, ulimi umekufa, na ile Jumapili ya kwanza ilikuwa ajali ya birika. Lakini akisoma kwamba amepata vyote... Hapo hakumalizia. Alijua tu kwamba hakuna ulimi duniani, hata ulio mzima, ungeweza kupata vyote kwenye makopo yale. Mkono wa mtu tu ndio ungeweza.

"Turudie lile jaribio," alimwambia mkewe. "Kazini wananitilia shaka."

"Turudie," mkewe akasema, hakusita hata kidogo.

Jumapili, bitana machoni. Shemeji akaleta cha kwanza, akakitua haraka. Ulimi akavuta, kikamuunguza. "Imeamka." Cha pili vuguvugu. "Imelala." Kila kikombe kilipomchoma, moyo wake ulizidi kuwa mzito, naye akawa anaomba kimoyomoyo kijacho kije kimekosea, kije moto mahali pa baridi, mke wake akosee japo mara moja. Havikukosea.

Mkewe akatoka jikoni anatabasamu, karatasi mkononi. "Vyote kumi, baba watoto! Si nilikwambia? Vyote!"

Ulimi alifungua kitambaa taratibu, akakikunja, akakiweka gotini.

"Kaa," akamwambia mkewe.

"Vipi? Hufurahi?"

"Nimebadilisha majani. Kwenye uzi mwekundu niliweka chai mbovu. Ningekuwa na ulimi ningekosa vyote. Wewe unaniambia nimepata vyote."

Tabasamu la mkewe lilikatika kama uzi uliovutwa. Shemeji aliyekuwa anatafuna kitu aliacha kutafuna.

"Ya uzi mwekundu unaimimina ikiwa inachemka," Ulimi aliendelea. "Ya uzi mweusi unaiacha ipoe kwanza. Au nimekusingizia? Sema nimekusingizia. Nitakuomba radhi hapa hapa nimepiga magoti."

Mkewe hakusema hivyo. Alikaa, akaiweka karatasi mezani. "Sikukwambia kitu," akasema kwa sauti ndogo. "Ulisema nisikwambie kitu."

"Moto ulisema!" Ulimi alipiga meza, vikombe vikaruka. "Wewe hukusema, moto ukasema kwa niaba yako! Na wewe shemeji, ulikuwa unabeba, hukuona?"

Shemeji alijikuna kisogo. "Vingine vilikuwa vinaniunguza vidole, shemeji, vingine hapana. Nikajua ni mambo yenu ya mume na mke, mmepatana wenyewe. Ningeingilia vipi?" Akaona hali si ya mizaha, akachukua kofia yake akatoka bila kuaga.

Walibaki wawili. Mkewe akaanza kueleza, kwanza kwa kusitasita, kisha kwa mfululizo. Alijua tangu mwanzo. Siku chache baada ya homa alisahau kutia chumvi kwenye mchuzi, akashtuka ameshapakua, na Ulimi akala, akaramba vidole, akasema mke wangu leo umeweza. Tangu siku ile alikuwa anajua, na alikuwa anaogopa. "Ulipoleta habari za kuvua aproni, nikasema huyu atakufa. Wewe bila ile kazi utakaa wapi? Utaitwa nani? Wewe ni Ulimi! Miaka yote unaniambia iliyoamka huchoma, basi nikasema nikupe muda, labda ulimi utapona wenyewe. Nilikuonea huruma, baba watoto."

"Huruma." Ulimi alilisema neno lile kama mtu anayetema. "Nilikuja kwako nikakuomba huruma mimi? Nilikuomba jibu. Nilikwambia liwe chungu liwe tamu. Mtu mmoja katika dunia nzima nilimwonyesha ninapoogopa, ukanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nikakukumbatia nikalia. Nililia mabegani kwako, mwanamke! Ulikuwa unajisikiaje?"

Mkewe alikuwa analia sasa.

"Na yule binti?" Ulimi akauliza. "Nilikaa pale mezani nikakusimulia nilivyomfukuza. Nikamwigiza mpaka uso. Ulijua yeye ndiye mwenye haki. Ulisema nini?"

Mkewe alijifuta kwa upindo wa kanga.

"Nilisema pole na kazi."

"Ulisema pole na kazi," Ulimi akarudia. Hasira ilikuwa imeisha, na kilichobaki pale kilikuwa kibaya kuliko hasira. Alimtazama mwanamke aliyezaa naye, aliyezika naye wazazi, akamwona kama mpangaji aliyehamia jana.

Asubuhi yake alikwenda kwa meneja akamweleza yote, ila jina la mkewe hakulitaja. Alisema tu kwamba jaribio lake lilikuwa na kasoro na kasoro ni yake. Kisha akateremka kwenye machekecheo. Binti Pua alikuwa na kitambaa usoni, nyusi zimejaa vumbi. Ulimi alimwomba radhi mbele ya wote waliokuwepo, kwa sauti ile ile aliyomnyamazishia, kisha akamwomba jambo moja zaidi: ampime. Vikombe vyote vipoe sawasawa. Asimwonee haya.

Binti alimpima mchana ule kwenye meza ndefu, na hakumwonea haya. "Umepata vitano kati ya kumi, mzee," akasema alipomaliza kusoma. "Sawa na mtu anayebahatisha." Ulimi alimshukuru, akafungua kamba za aproni, akaitundika. Alikuwa amejiapiza kwamba siku hiyo ikifika ataondoka kwa miguu yake, na aliondoka kwa miguu yake, lakini ile heshima aliyoitunzia siku hiyo ilikuwa imeshaliwa na wengine. Wote waliomuaga getini walijua kabla yake.

Nyumbani hawakugombana tena. Waliongea mambo ya maji, ya umeme, ya watoto waliopiga simu. Mkewe alishona, yeye alitengeneza viti vilivyolegea. Joto lilikuwa kali siku hizo, na mchana mmoja mkewe alimletea kikombe cha maziwa pale kibarazani alipokuwa anapiga misumari.

Ulimi alikipokea. Akakisogeza puani kwa mazoea, akanusa, hakuna kitu. Aliyatazama: meupe, kama maziwa yote.

"Ni mazima haya?"

"Mazima," mkewe akasema. "Ya leo asubuhi."

Kikombe kilibaki hewani. Mkewe alisubiri, mikono imeshikana tumboni. Gari lilipita barabarani, likapiga honi, likaenda zake. Ulimi alikuwa anamchunguza usoni, kwenye macho, kwenye pembe za mdomo, mahali ambapo kwa miaka yote alidhani anajua kusoma.

Akamnyooshea kikombe.

"Onja wewe kwanza."

Mkewe alikipokea kwa mikono miwili. Alikunywa funda moja pale pale amesimama mbele yake, akalimeza, machozi yakimdondoka kidevuni, akamrudishia. Ulimi alingoja kidogo, akimwangalia bado. Ndipo naye akanywa.